Igeuze Picha Kwanza: Tuliyojifunza kwa Vibao Vidogo vya Ibada vya Florence

Anayeshika kwa mara ya kwanza kibao kidogo cha Bikira Maria na Mtoto, kilichochorwa Florence kati ya mwaka 1450 na 1500, huutazama uso wa Maria, halafu huuliza ni kazi ya nani. Sisi tunaoshughulika na vibao hivi tumejifunza kuanzia nyuma. Uso umesafishwa, ukapakwa upya na kupigwa vanishi mara kadhaa katika miaka zaidi ya mia tano. Mgongo, kama hakuna aliyeuranda, bado una alama za shoka na randa za seremala wa kwanza.

Lakini kabla ya kukigeuza, zima taa ya dari na umulike kibao kwa taa moja kutoka pembeni, mwanga uteleze juu ya rangi. Mahali rangi ilipoinuka kama magamba ya samaki patatoa vivuli vidogo. Ukiviona, kiache kilale chali, uso juu, umwite mtaalamu wa uhifadhi. Gamba moja likidondoka halirudi, na mara nyingi hudondoka wakati wa kugeuza, si wakati wa kutundika. Kama ni salama, kishike kwa mikono miwili kwenye kingo za ubao wenyewe. Fremu huwa imefungwa kwa misumari michache iliyochoka, kwa hiyo usiiamini.

Kibao kuwa bila jina si fumbo kubwa. Picha ya altare ya kanisa iliagizwa kwa mkataba ulioeleza ukubwa, watakatifu watakaoonekana, dhahabu na ubora wa rangi ya buluu. Picha ya chumbani mara nyingi ilinunuliwa ikiwa tayari, kama mtu anavyonunua kiti kilichokwisha tengenezwa. Kulikuwa na karakana Florence ambayo wataalamu waliwahi kuipa jina la Pseudo-Pier Francesco Fiorentino, na siku hizi huitwa kwa kawaida waigaji wa Lippi na Pesellino. Mafundi wake walifuatisha michoro ya ukubwa kamili: Maria kutoka kwenye picha ya Filippo Lippi, Mtoto kutoka kwa Pesellino, wote wachoraji wa Florence wa karne ya 15, kisha wakaweka nyuma yao ua wa mawaridi. Ukichukua vipimo vya picha mbili za karakana hiyo, unakuta mstari wa shavu na bega unalingana. Krete nako, mwaka 1499, wafanyabiashara wawili waliagiza kwa wachoraji watatu wa Candia, mji mkuu wa kisiwa hicho, ikoni 700 za Bikira Maria, 500 kwa namna ya Kilatini na 200 kwa namna ya Kigiriki, zikabidhiwe ndani ya takriban mwezi mmoja na nusu. Hesabu kama hiyo inatosha kueleza kwa nini vingi havina sahihi.

Kiwandani au la, mnunuzi alipiga magoti mbele yake. Mtawa Mdominikani Giovanni Dominici, aliyekuja kuwa kardinali, alimshauri mama mmoja wa Florence mwanzoni mwa karne ya 15 aweke nyumbani picha za watoto watakatifu ili wanawe wajifunze kwa kuzitazama: Bikira akiwa na Mtoto mikononi, na mkononi mwa Mtoto ndege mdogo au komamanga. Ndege huyo ni wa jamii ya chiriku, mwenye wekundu usoni. Hula mbegu za mimea ya miiba, kwa hiyo alikumbusha taji la miiba. Komamanga lilifumbata mbegu nyingi ndani ya ganda moja, kama Kanisa. Ukiona shanga za marijani shingoni mwa Mtoto, ujue watoto halisi wa Italia walivishwa hivyo kuwakinga na jicho baya, na wekundu wake ulitaja pia damu. Familia nyingi za Kikatoliki za Afrika Mashariki na Kongo zinaijua desturi hii bila kufundishwa: picha ya Mama wa Msaada wa Daima iliyo ukutani ni nakala ya ikoni ya namna ya Krete isiyo na jina la mchoraji, ambayo kwa mapokeo iliwekwa kanisa la San Matteo, Roma, mwaka 1499, na ambayo Papa Pius IX aliikabidhi kwa watawa Waredemptoristi mwaka 1866.

Sasa mgongo. Ubao wa Florence karibu siku zote ni popla, mti laini, mweupe wenye kuelekea manjano, unaokua haraka. Ukikuta mwaloni mgumu wenye nyuzi zilizobana, fikiria Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo, ambako mwaloni wa Baltiki ulisafirishwa kwa meli. Tofauti hii ina faida ya vitendo. Mwaloni unaweza kuhesabiwa pete zake, na hesabu ikakuambia mwaka ambao kabla yake mti haungeweza kukatwa. Haikuambii mwaka wa kuchora, na watu wengi hukosea hapo. Popla ina pete chache na pana, kwa hiyo njia hiyo haisaidii. Kwenye mwaloni wa Antwerp, mji wa huko, tafuta pia muhuri uliochomwa kwa chuma cha moto, wenye ngome na viganja viwili: ni alama ya chama cha mafundi wa mji huo.

Kisha wadudu. Bungua, wadudu watoboao mbao, hutoka kwenye ubao kwa tundu la mviringo la milimita moja hadi mbili. Ndani hutafuna kwa kupindapinda, hawaendi moja kwa moja, wala hawachimbi mfereji juu juu ya ubao. Basi ukiona mifereji iliyo wazi, mirefu, imelala kwenye mgongo, ubao huo umerandwa baada ya kuliwa. Mtu aliupunguza unene, na huenda ameondoa mihuri, namba za orodha na maandishi ya wamiliki. Mifereji ikiwa wazi kwenye ukingo, ubao umekatwa kutoka kwenye kitu kikubwa zaidi. Ikiwa wazi chini ya rangi yenyewe, simama hapo hapo: rangi imepakwa juu ya ubao uliokuwa tayari mzee. Na tundu lililonyooka kama la msumari, ukilipima kwa waya mwembamba ukaingia moja kwa moja hadi mwisho, ni kazi ya keekee.

Njia za bungua zinaweza hata kuunganisha ndugu waliotengana. Mwaka 2019 kibao cha mchoraji Mwitalia Cimabue cha mnamo 1280, chenye sentimita 25.8 kwa 20.3, kilionekana kwenye nyumba moja Compiègne, Ufaransa, kikiwa kimetundikwa jikoni. Njia za wadudu kwenye popla yake ziliendelea kwenye vibao vingine vya mchoraji huyo huyo vilivyoko London na New York. Vyote vilitoka kwenye ubao mmoja. Kiliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 24. Ni cha kabla ya Renesansi na kina jina, lakini somo la mgongo ni lile lile.

Karibu kila kibao ambacho hakijarandwa kimepinda kidogo, uso ukiwa umetuna kuelekea kwa mtazamaji. Upande wa mbele umefunikwa kwa jasi, yaani tabaka jeupe la msingi, na rangi, wa nyuma uko uchi. Nyuma hunywa unyevu na kuuachia haraka, na kila mzunguko seli zake hubanwa na kusinyaa zaidi. Mafundi wa karne ya 19 hawakupenda kupinda huko. Waliuranda ubao hadi ukawa mwembamba, wakagundisha nyuma vipande vya mbao kufuata nyuzi, na kupitisha humo mbao za kukingama zilizokusudiwa kuteleza. Haziendelei kuteleza. Gundi huvimba, vumbi huingia, mbao hukwama, na popla ikitaka kusinyaa inashindwa, inapasuka kwa mistari ya wima inayoonekana mbele. Tunaona madhara ya dawa hii mara nyingi kuliko madhara ya kupinda kwenyewe. Kibao kilichopinda na kutulia kiachwe na umbo lake, kitengenezewe fremu inayolifuata.

Ukingo nao usiupite haraka. Fundi wa Florence aligundisha fremu kwenye ubao kabla ya kupaka jasi, kisha akapaka vyote pamoja. Jasi ilijikusanya kwenye kona ya fremu, na fremu ilipong'olewa baadaye, ukabaki mdomo mdogo ulioinuka kuzunguka picha. Upitishe ukucha taratibu hewani juu yake huku ukitazama kwa kioo cha kukuzia, usiuguse. Mdomo huo ukiwepo pande zote nne, picha ina ukubwa wake wa awali. Ukikosekana upande mmoja, hapo pamekatwa. Pima pia kwa kipimo cha fundi mwenyewe: mkono wa Florence, *braccio*, ulikuwa sentimita 58.4 hivi. Upana wa sentimita 29 ni nusu ya mkono, na kumbe seremala hakuwa amebahatisha.

Kazi yenyewe tunaijua vizuri kwa sababu mchoraji Cennino Cennini aliiandika hatua kwa hatua mnamo mwaka 1400. Ubao hunyweshwa gundi iliyochemshwa kutokana na mabaki ya ngozi. Vipande vya kitani cheupe, kikuukuu na chembamba, huloanishwa kwa gundi hiyo na kulazwa juu ya ubao ili kuziba viungo na mafundo. Halafu hufuata jasi nene iliyochanganywa na gundi, ikishakauka hukwanguliwa. Baada yake ni jasi laini, na hapa ndipo subira ilipo: jasi iliyochomwa huwekwa kwenye ndoo ya maji na kukorogwa kila siku kwa mwezi mzima au zaidi, hadi iishiwe nguvu ya kuganda na kuwa laini kama hariri. Huchanganywa na gundi ikiwa vuguvugu na kupakwa angalau mara nane. Kisha hukwanguliwa hadi iwe kama pembe ya ndovu.

Makosa ya hatua hii hujitokeza baada ya karne kadhaa. Gundi ikiwa kali kuliko inavyotakiwa kwenye tabaka za juu, tabaka la juu huvuta la chini na kulibandua. Ikiwa hafifu, jasi hugeuka unga na rangi hukosa pa kushika. Jasi ikipikwa moto sana huingiza viputo, na kila kiputo huacha kitundu kama cha sindano. Nyufa zenyewe ni hati ya asili: kwenye popla yenye jasi nene mara nyingi hukata nyuzi za ubao, wakati kwenye mwaloni wa Flanders wenye tabaka jembamba la chaki hufuata nyuzi. Nyufa zilizochorwa kwa kalamu huishia ghafla. Nyufa za kweli hushuka hadi kwenye jasi.

Dhahabu huja kabla ya rangi. Mchoro ukishakamilika, mpaka kati ya mwili wa mtakatifu na anga la dhahabu huchorwa kwa sindano ndani ya jasi, ili usipotee. Udongo mwekundu laini huchanganywa na ute wa yai uliopigwa na maji, hupakwa mara nne. Kisha sehemu ndogo hulowanishwa, karatasi ya dhahabu hulazwa, na kabla unyevu haujaisha kabisa husuguliwa kwa jiwe la hematiti au jino la mbwa hadi iwe karibu nyeusi kwa mng'ao. Cennini anasema kwa dukati moja, sarafu ya dhahabu, zitolewe karatasi 100, ilhali wapigaji walikuwa wakitoa 145. Nyembamba hizo zilifaa kwa kazi nyingine, si kwa anga la picha. Ukitazama leo utaona mistari ya miraba mahali karatasi zilipopandana. Kwenye duara la nuru tafuta kitundu cha bikari katikati, mara nyingi kati ya macho au kwenye paji la uso, kimezibwa kwa rangi. Nakshi za duara hilo zilipigwa kwa vyuma vyenye umbo la ua au nyota. Vyuma vilirithiwa na kuazimwa kati ya karakana, na wataalamu kama Mojmír Frinta na Erling Skaug wamepima na kupanga alama zake, hata ikawezekana kuhusisha kibao kisicho na jina na karakana fulani kwa ua moja lenye petali iliyovunjika.

Kumbuka dhahabu hiyo imeshikwa na ute wa yai na gundi tu. Maji huviyeyusha vyote viwili. Kitambaa chenye unyevu, cha kufutia vumbi, kimeondoa dhahabu nyingi kuliko wezi. Wekundu unaochungulia kwenye anga la picha nyingi ni ule udongo, na mara nyingi ulifunuliwa na mikono yenye nia njema.

Rangi huchanganywa na kiini cha yai, kiasi cha kiini kwa kiasi hicho hicho cha rangi. Cennini anapendekeza kiini cheupe cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, na kiini chekundu cha kuku wa shamba kwa wazee. Hukauka upesi mno, kwa hiyo haichanganywi juu ya picha. Kivuli hujengwa kwa mistari midogo ya brashi, maelfu yake, na kwa kioo cha kukuzia unaiona yote. Ukikuta shavu laini lisilo na mistari, ama mafuta yametumika, jambo lililoenea Florence kadiri karne ya 15 ilivyosogea, ama fundi wa baadaye amepita hapo.

Nyuso za kijani zinawashangaza wengi. Mwili ulianzwa kwa tabaka mbili za udongo wa kijani uliochanganywa na weupe wa risasi, kisha waridi likajengwa juu. Usafishaji mkali uliondoa waridi, nao weupe wa risasi hupitisha mwanga zaidi kadiri unavyozeeka, basi kijani kikajitokeza. Maria hakukusudiwa aonekane mgonjwa. Joho lake nalo, ambalo leo laweza kuonekana jeusi, lilikuwa buluu: aidha ya lapis lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, aidha ya azuriti ya Ulaya, iliyo rahisi zaidi. Azuriti ni ya chembe kubwa, inanyonya vanishi na uchafu kati ya chembe zake. Kijani cha shaba hugeuka kahawia, na majani ya ua wa mawaridi yakawa kama ya kiangazi. Wekundu uliotolewa kwa wadudu na mizizi hupauka kwa mwanga, hata nguo ya waridi ikawa karibu nyeupe. Nyuma ya ukingo wa fremu, mwanga usikofika, rangi ya kweli wakati mwingine imesalimika kwa upana wa milimita tatu. Zinjifuri, rangi nyekundu ya zebaki, kwa kawaida huvumilia vizuri zaidi.

Vyombo vya maabara husaidia kama unajua swali unalouliza. Taa ya urujuanimno hufanya vanishi ya zamani ing'ae kijani hafifu, na marekebisho yaliyo juu yake hubaki meusi. Infraredi hupenya rangi nyingi na kuonyesha mchoro wa makaa ulio chini. Mstari mkavu, usio na kusitasita, au mfululizo wa nukta za unga wa makaa, humaanisha mchoro ulinakiliwa. Eksirei huonyesha weupe wa risasi, misumari na njia za bungua. Na sampuli ndogo kuliko chembe ya chumvi hutambua rangi: buluu ya Prussia haikuwepo kabla ya mwanzo wa karne ya 18, weupe wa titani haukuwa madukani kabla ya karne ya 20. Zikiwa juu ya vanishi, ni marekebisho. Zikiwa chini kabisa, picha si ya Renesansi. Siena mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa na mafundi hodari wa kughushi, akiwamo Icilio Federico Joni, ambaye mwaka 1932 alichapisha kumbukumbu zake waziwazi. Picha ya Bikira wa Utaji iliyoko kwenye jumba la sanaa la Courtauld, London, ilinunuliwa mwaka 1930 kama kazi ya Botticelli, mchoraji mashuhuri wa Florence. Mwanahistoria wa sanaa Kenneth Clark aliona Maria yule ana sura ya nyota wa sinema wa wakati wake, na baadaye buluu ya Prussia ikathibitisha shaka hiyo.

Kuhusu jina: ukiandika lebo, pima maneno. "Karakana ya" maana yake ilitengenezwa chini ya macho ya bwana huyo. "Mfuasi wa" maana yake aliyemjua kwa kazi zake, labda hakumwona. "Kwa mtindo wa" haiahidi hata karne. Mwaka 1899 mtaalamu wa sanaa ya Italia Bernard Berenson alikusanya picha kadhaa zisizo na jina akamzulia mchoraji, Amico di Sandro, yaani rafiki wa Botticelli. Baadaye yeye mwenyewe alimfuta, na nyingi zikaonekana ni za Filippino Lippi, mwana wa Filippo, alipokuwa kijana. Hilo halikuwa aibu. Aliona kwa usahihi kwamba zinafanana. Anayeandika "Florence, mnamo 1470, popla, rangi ya kiini cha yai, ukingo wa chini umekatwa" amemwachia msomaji zaidi ya anayebandika jina kubwa lenye alama ya kuuliza.

Nyumbani au kanisani, kibao kinahitaji hewa isiyobadilika. Unyevu wa asilimia 50 hadi 55 unafaa, lakini kutulia ni muhimu kuliko namba: kibao kilichozoea asilimia 65 kwa miaka mia mbili kinaweza kupasuka kikihamishiwa ghafla kwenye chumba cha 50. Kisikae juu ya jiko, mkabala na kiyoyozi, wala kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho. Weka vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Usikifunge kwa plastiki inayogusa rangi, usibandike utepe kwenye gamba linaloinuka, usipake mafuta ya kitani "kuamsha rangi", maana hugeuka kahawia na kung'ang'ania. Kitunguu, kiazi na majivu vimewahi kutumika kusafishia picha, na makovu yake bado tunayahesabu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu ya manyoya, na pale tu taa ya pembeni ilipoonyesha hakuna gamba.

Kabla ya kukubali usafishaji wowote, chora ramani ya uchakavu. Alama nyeusi zenye umbo la tone kwenye ukingo wa chini ni za ndimi za mishumaa. Dhahabu iliyofifia kwenye mguu wa Mtoto, kwa upana wa midomo au ncha za vidole, huku anga la juu likiwa zima, haikufifishwa na fundi msafishaji, kwani yeye hupita kila mahali. Hapo ndipo mwenye nyumba alipobusu, na wanawe baada yake. Mtengenezaji akitaka kuijaza dhahabu mpya sehemu hiyo ili ilingane na nyingine, mwambie aiache.